Mkataba wa hali bora wa jineri yetu (kiwanda cha kuchambua pamba) Nzega: nimeusoma kurasa zote 34, naupa nyota 3 na nusu kati ya 5

Msimu uliopita, saa nane usiku, pres ya kufunga marobota imesimama tunasubiri mkanda ubadilishwe, kijana mmoja akanifuata na saleri slipu yake kaikunja mpaka imekuwa kama tiketi ya basi, akaifungua chini ya taa akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Shikamoo mzee, hii 6,240 wananikata ya nini kila mwezi?" Nikamwambia marahaba, hiyo ni ada ya chama, asilimia 2 ya besiki, yani mshahara wa msingi, na besiki yako ni 312,000, haya piga. Akapiga kwenye simu ikaja hiyo hiyo. Akaniuliza tena, "Sasa chama chenyewe kinanipa nini?" Nikaanza kumwelezea kwamba kuna mkataba wa hali bora, yale makubaliano ya chama na mwajiri, kuna haki zetu mule, kuna... nikaishia hapo, sikuwa na cha kuongeza. Miaka 14 nipo pale kiwandani, fomu ya TUF 6 ya kukubali makato nimesaini mwenyewe, na huo mkataba sijawahi kuusoma hata ukurasa mmoja.

Lile swali lilinikaa. Kesho yake nikaenda kwa katibu wa tawi kuomba nakala, akaniambia iko moja tu na iko kabatini na funguo anayo mwenyekiti, na mwenyekiti yuko safari. Ikanichukua siku tisa kuipata. Nikaipeleka kutoa kopi pale karibu na stendi, mia mia kwa ukurasa, 3,400 ikatoka mfukoni mwangu, na ndo hiyo nakala nimekaa nayo wiki mbili nzima jioni baada ya kazi.

Mi mkataba nauchukulia kama kitu chochote ambacho mtu unakilipia. 6,240 mara miezi 12 ni 74,880 kwa mwaka. Ukinunua redio ya elfu sabini na tano utaiwasha dukani kwanza usikie kama inaongea, sasa hii sisi tunalipa mwaka hadi mwaka na hatujawahi kuiwasha. Kwa hiyo nimeiwasha, na hapa nawaambia nilichosikia, hasa nyie wenzangu wa majineri ya huku Nzega na Igunga, na wa viwanda vya mafuta na chumvi huko Kigoma na Uvinza, maana najua mikataba hii inafanana fanana.

Kwanza niseme jambo zuri, umeandikwa Kiswahili. Ule wa zamani, wanaoukumbuka wanasema ulikuwa Kiingereza kitupu, watu wanasainiwa vitu hawavijui. Huu wa sasa mtu wa darasa la saba anausoma na anaelewa. Hapo tayari nusu nyota.

Sasa jinsi nilivoupima. Nilichukua kalamu nyekundu, nikakaa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 pembeni, mwanangu alinipakulia kwenye simu, na kila kipengele cha mkataba ambacho sheria inatupa tayari hata kama chama kisingekuwepo nikakipiga mstari. Kinachobaki bila mstari ndo kitu ambacho ile 74,880 imenunua. Naona hakuna kipimo kingine cha haki zaidi ya hiki, kwa sababu mwajiri hawezi kukupa zawadi kitu ambacho asipokupa anakuwa amevunja sheria.

Jamani, kalamu ilitembea. Ukurasa wa 5 wameandika kwa herufi kubwa kwamba mfanyakazi atapata likizo ya mwaka ya siku 28 zenye malipo, mstari, hiyo ni sheria. Saa 45 kwa wiki na zisizidi 9 kwa siku, mstari. Ovataimu mara moja na nusu, mstari. Kufanya kazi siku ya mapumziko au sikukuu kulipwa mara mbili, mstari. Likizo ya uzazi siku 84, na 100 kwa aliyejifungua mapacha, mstari. Mama anayenyonyesha kupewa mpaka saa 2 kwa siku, mstari. Baba siku 3, mstari. Likizo ya ugonjwa siku 126 ndani ya miezi 36, 63 za kwanza mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu, mstari. Notisi ya siku 28, mstari. Mwajiri kuchangia mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF, mstari, hiyo tunachangia asilimia 20 kwa pamoja na kwetu inakatwa 10 yeye anaweka 10, ipo kwa kila mtu. Fidia ya kuumia kazini kupitia WCF, mstari tena, ule mfuko anachangia mwajiri peke yake na wewe hukatwi hata senti, chama kiwepo kisiwepo. Nilipofika ukurasa wa 19 nilikuwa na mistari mingi kuliko maandishi meupe na moyo ulianza kuniuma kweli, nikawa najiuliza nitamjibu nini yule kijana.

Ila sikuacha, na nashukuru sikuacha, maana kuanzia ukurasa wa 20 mambo yanabadilika.

Posho ya usiku. Sheria inasema anayefanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi aongezewe asilimia 5 ya besiki kwa kila saa ya usiku. Inasikika vizuri ila hebu ipigeni. Mshahara wa mwezi ukitaka kupata wa saa unagawa kwa 195, kwa hiyo 312,000 inakuja 1,600 kwa saa. Asilimia 5 yake ni shilingi 80. Themanini! Shifti ya saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi ni saa nane, 640 kwa usiku mzima, hapo hata chai na chapati mbili hupati. Mkataba wetu umesema 2,000 kwa usiku, kwa hiyo 1,360 ya juu hapo imeletwa na chama. Mi naandika kila shifti kwenye daftari, msimu uliopita nilifanya usiku 36, ikaja 48,960. Yani kipengele kimoja tu kimerudisha zaidi ya nusu ya makato yangu ya mwaka. Hiki hakina mstari na nakipa nyota zote.

Nauli ya likizo nayo ni ya mkataba, mara moja kila miaka miwili, wewe, mwenza na watoto wanne. Kwangu mimi wa Urambo sio hela ya kutisha ila tuna fundi umeme pale kwao Newala, kwake yeye hiki kipengele ndo kinaamua kama wazazi watawaona wajukuu au la.

Nikija kwenye msiba naomba mnivumilie niongee kidogo.

Sheria inatoa siku 4 za malipo kwa mtu aliyefiwa na mwenza, mtoto, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa, na hizo siku 4 ni kwa mzunguko mzima wa miezi 36. Mkwe hajatajwa. Sasa we ukae hapa Unyamwezini ufiwe na baba mkwe halafu uende siku moja urudi kiwandani, utamwangalia vipi mkeo na shemeji zako maisha yako yote. Mkataba wetu umeweka siku 7, umemtaja mkwe kwa jina, na umesema ni kwa kila tukio. Halafu mfanyakazi mwenyewe akifariki, kiwanda kinatoa jeneza, sanda, gari la kusafirisha mwili mpaka nyumbani kwao popote Tanzania, gari la pili la wasindikizaji, na rambirambi ya mishahara miwili ya besiki, na yote hayo yaanze kutekelezwa ndani ya saa 24.

Hayo maneno "ndani ya saa 24" ndo ya dhahabu. Miaka ya nyuma kabla hayajawekwa tulifiwa na mwenzetu, ikawa barua inatoka kwa supavaiza inaenda utumishi inaenda kwa mhasibu, mhasibu anasubiri bosi arudi, huku mwili uko mochwari na mjane amekaa kwenye mkeka hajui kama watazika Nzega au nyumbani. Tukapitisha daftari la michango, watu wanatoa elfu mbili elfu tano, mpaka inatosha kukodi gari siku tatu zimekatika. Juzi juzi hapa amefariki mwingine, kwao Kibondo. Gari lilitoka alfajiri ya siku ya pili, Kahama, Nyakanazi, Kakonko, jioni tukawa tumefika, mama yake akampokea mwanae akiwa kwenye jeneza la heshima. Mi nilikuwa kwenye lile gari la wasindikizaji. Njiani hakuna aliyeongelea hela, tulikuwa tunamlilia mwenzetu tu kama watu wanavotakiwa kulia. Kama kuna mtu aliketi kwenye ile meza ya majadiliano akasisitiza yale maneno, Mungu amlipe, mi sina cha kumpa.

Bima ya afya ya familia nzima ipo, mke na watoto wanne, na kadi zinafanya kazi, kwenye hili sina malalamiko. Zamani tulikuwa tunapewa karatasi ya matibabu ya zahanati moja tu, ikifika wikiendi karatasi hamna wa kuisaini.

Bati za kustaafia. Aliyefikisha miaka 15 akistaafu anapewa bati 40 za geji 30. Vijana hiki wanakicheka, wanasema bora hela. Mi nasema waulizeni wazee waliopewa hela. Bati ziko juu ya nyumba mpaka leo zinaonekana.

Sasa kiinua mgongo. Kisheria ukiachishwa kazi bila kosa la nidhamu unalipwa besiki ya siku 7 kwa kila mwaka uliomaliza, ila mwisho wa kuhesabu ni miaka 10. Kwa 312,000 siku moja ni 12,000 (unagawa kwa 26), kwa hiyo siku 70 ni 840,000, na hapo ndo mwisho hata ungefanya kazi miaka thelathini. Chama kimepandisha siku 7 kuwa 15, ikawa 1,800,000, hongera, nimewapigia makofi peke yangu sebuleni. Lakini ile kofia ya miaka 10 wameiacha pale pale! Fundi mwenzangu wa rola ana miaka 19. Bila kofia angekuwa na siku 285, 3,420,000. Kwa mkataba ulivo anachukua sawasawa na mtu wa miaka 10, milioni 1 na laki 6 na ushee imebaki kiwandani, na hiyo miaka tisa mingine ni kama hakuwepo, na huyu ndo mtu anayeijua ile mashine kwa mlio wake tu. Sheria imesema kima cha chini, haijamkataza mtu kukubaliana zaidi. Sijui kwanini hapa hawakusukuma na naomba raundi ijayo wasukume.

Kuna kipengele kingine kizuri ambacho huwezi kukiona kwa sababu hakipo. Sheria inaruhusu mwajiri na chama wakikubaliana kwa mkataba wa pamoja, saa za kazi zihesabiwe kwa wastani, yani wiki hii ufanye nyingi wiki ile chache, ilimradi kwa kipindi kisichozidi mwaka wastani usizidi saa 40 za kawaida kwa wiki. Kwa kazi ya msimu kama jineri hii kwa mwajiri ni asali. Kuanzia Mei pamba inapoanza kuingia watu wanafanya kazi mpaka wanasahau jina, halafu Januari wanakaa wanafagia yadi, ukichanganya ukagawa, ovataimu yote ya msimu inayeyuka kwenye hesabu na hakuna sheria iliyovunjwa. Niliongea na mjumbe mmoja aliyekuwa kwenye majadiliano akaniambia menejimenti waliileta hiyo hoja mara mbili na mara mbili wakakataliwa. Hilo hakuna aliyelitangaza kwenye mbao za matangazo ila mi naona limetuokolea hela nyingi kuliko nyongeza yenyewe ya mshahara.

Na nyongeza yenyewe ndo hii. Asilimia 4, mwaka 2024, kutoka 300,000 kwenda 312,000. Mfumuko wa bei wa mwaka huo kwa taarifa ya ofisi ya takwimu, NBS, ulikuwa wastani wa asilimia 3.1, kwa hiyo kwa karatasi tumepanda kidogo, sio uongo. Na ukilinganisha na kima cha chini cha viwandani kwenye amri ya mishahara ya 2022, ile iliyoanza Januari 2023, ilikuwa 150,000, na kabla ya hapo tangu Julai 2013 ilikuwa 115,000 bila kuguswa karibu miaka 10, yani anayesubiri amri ya serikali ndo impandishe mshahara anaweza kuzaa mtoto akafika darasa la tatu namba ni ile ile. Kwa hiyo kuwa na chama kinachokaa mezani kila mwaka ni jambo kubwa, hili siwezi kulikataa hata kidogo.

Ninachokataa ni hiyo asilimia yenyewe. Asilimia 4 kwangu ni 12,000, mshahara wa siku moja. Kwa supavaiza wa 800,000 ni 32,000. Wote tunaenda soko moja, mchele bei moja, na kila mwaka tunavopandishwa kwa asilimia mwenye kingi anaongezewa kingi na pengo linapanuka. Baba yangu alikuwa fundi karakana ya reli Tabora, alianza enzi za NUTA akamalizia JUWATA, vile vyama vya wafanyakazi vya zamani, alikuwa anatuambia kwenye vikao vyao wazee walikuwa wanabishana hivi hivi, wapo wanaotaka asilimia na wapo wanaotaka shilingi kamili kwa kila mtu. Mi nipo upande wa shilingi kamili kwa madaraja ya chini, hata ikiwa 20,000 kwa wote wa chini ya laki tano halafu wa juu ndo wapewe asilimia yao. Nitalisema hili kikaoni na nitaendelea kulisema.

Vumbi. Hapa nimepunguza nyota nzima bila kusita. Mkataba umeandika kwamba wafanyakazi wa chumba cha jini, ile mashine ya kutenganisha pamba na mbegu, na wa pres watapewa maziwa nusu lita kwa siku "kwa ajili ya kukabiliana na vumbi". Maziwa ni chakula kizuri, wapewe, mtoto wa watu anafanya kazi ngumu. Ila maziwa hayaendi kwenye mapafu, yanaenda tumboni. Vumbi la pamba lina ugonjwa wake unaojulikana, kitaalamu unaitwa bisinosisi, na dalili yake ya kwanza ni kifua kubana siku ya kwanza unaporudi kazini baada ya mapumziko, ndo maana wengine wanaita homa ya Jumatatu. Wenzangu wa chumba cha jini wakisoma hapa wanajua naongelea nini, ile Jumatatu mtu anakaa kwenye ngazi anavuta pumzi kama kabeba gunia. Kinachotakiwa ni feni za kunyonya vumbi zifanye kazi muda wote, barakoa zinazofaa na zibadilishwe, na kupimwa kifua kila mwaka, na vifaa vya kujikinga kisheria ni bure kwa mfanyakazi, tangu sheria ya usalama na afya kazini ya 2003. Mkataba unasema barakoa "kadri zitakavyopatikana". Haya maneno yafutwe. Ovaroli wametaja mbili kwa mwaka, buti jozi moja, sabuni miche miwili kwa mwezi, vyote vina idadi, barakoa ndo haina idadi? Ukiona kitu kwenye mkataba hakina idadi wala tarehe, hicho hamjapewa.

Huduma ya tawi lenyewe. Wanachama tuko zaidi ya 100 na sheria inaruhusu wawakilishi 15 hapo, na katika hao angalau watano wawe wa kuwakilisha wanawake. Sisi tuna tisa na mwanamke ni mmoja. Nakala ya mkataba kufungiwa kabatini nimeshasema. Na kuna jamaa yetu alikuwa anadai ovataimu ya mwezi mzima, akapeleka lalamiko tawini, likakaa, akaambiwa subiri, likakaa tena, mpaka alipofunga safari ya Tabora mjini kwenye ofisi ya CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, akaambiwa amechelewa, migogoro ya aina ile inafunguliwa ndani ya siku 60, na ya kuachishwa kazi ni siku 30 tu. Angeweza kuomba kusamehewa kuchelewa ila na hilo alihitaji mtu wa kumwandikia na hakumpata. Kiongozi wa tawi kama hujui kitu kingine chochote basi jua hizo namba mbili, 30 na 60, ziandike ukutani.

Kuhusu wasio wanachama, kuna watu pale wanakatwa na hawajawahi kusaini fomu na wanalalamika wameibiwa. Hawajaibiwa. Chama chenye wanachama wengi kikishatambuliwa kuwa ndo msemaji pekee wa kundi lile, mkataba unawahusu wote, na kikikubaliana na mwajiri kinaruhusiwa kuwatoza wasio wanachama ada ya uwakala isiyozidi ada ya mwanachama. Yani unalipa kile kile ila huna kura. Kwa hiyo ushauri wangu kwao ni saini tu upate sauti.

Nimeacha la mwisho kwa sababu ndo linaloniuma zaidi. Ukurasa wa 3, tafsiri ya maneno: "Mfanyakazi maana yake ni mfanyakazi wa kudumu." Mstari mmoja. Nimeupita haraka mara ya kwanza, nikaurudia, nikaelewa kwamba hayo yote niliyoyasifia hapo juu, gari la Kibondo, elfu mbili ya usiku, siku saba za msiba, hayawahusu watu wa msimu. Na msimu ukiwa umekolea wa msimu ndo wengi kuliko sisi. Wale akina mama wanaochambua pamba chafu na kufagia chini ya mashine, wanakula vumbi kuliko mtu yeyote pale ndani, hawana hata yale maziwa.

Kuna mama mmoja ana misimu 11. Kumi na moja. Nilimkuta kantini nikamwonyesha ukurasa wa 3, akausoma taratibu akaniambia, "Kaka, sisi si wafanyakazi kumbe." Nikamwambia sheria haisemi hivyo dada. Kweli mtu wa chini ya miezi sita kwa kawaida hana likizo ya malipo, ila sheria hiyo hiyo ya 2004, sehemu ya likizo, imesema wazi kwamba mwajiriwa wa msimu anastahili. Na hesabu yake ni siku moja kwa kila siku 13 alizofanya kazi. Tukapiga pamoja. Msimu uliopita alifanya siku 102, kwa hiyo siku 7 na ushee, kwa 8,000 yake ya siku ni 56,000 na ushee. Hajawahi kulipwa hata mara moja kwa misimu 11 na hajawahi kuambiwa. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akaniuliza swali kama la yule kijana ila kwa upande wa pili, "Na sisi tukitaka kukatwa hiyo elfu sita, tunamwona nani?"

Hapo ndo nyota moja na nusu zilipoishia, moja kwenye vumbi na nusu hapa, na kama isingekuwa yale maneno ya saa 24 ningepunguza zaidi. Maana watu wanataka kuingia, wanaomba wenyewe kukatwa, na mlango tumeufunga sisi kwa mstari wa tafsiri.

Yule kijana wa pres nilimpelekea majibu na daftari langu la hesabu, tukakaa naye kwenye marobota, akaona usiku wake ni 41, akapiga 1,360 mara 41 mwenyewe akapata 55,760, akakunja saleri slipu akairudisha mfukoni. Mkataba huu unaisha mwakani na mapendekezo ya mpya tawi linatakiwa kuyapeleka kabla ya msimu. Nimeandika manne: kofia ya miaka 10 iondoke, barakoa ziwe na idadi, nyongeza ya madaraja ya chini iwe shilingi kamili, na ukurasa wa 3 usomeke "wa kudumu na wa msimu". Kikao ni Jumamosi saa 4 asubuhi chini ya mwembe wa geti la pili. Nakala yangu nimeiacha kwa dada wa kantini, anayetaka kuisoma akaichukue pale, ila Ijumaa jioni iwe imerudi maana yule mama wa misimu 11 ameomba aje nayo mwenyewe mkononi.